Kura ya Behewa la Nne

Nguzo ya kushikilia ilianza kupata joto mkononi mwa Bhoke Marwa treni ilipopita kituo cha Sokoni. Alijua maana yake kama alivyoijua kila mkazi wa jiji la Nyamlaki: ndani ya behewa kuna mtu ameomba kura. Akaangaza macho kumtafuta mlevi, au mtu aliyetema mate, au kijana mwenye vidole visivyotulia karibu na mikoba ya watu. Hakumwona. Behewa la nne lilikuwa na watu wa kawaida wa asubuhi, kila mmoja anatazama mbele yake, na sakafu ilikuwa inang'aa kama ya zahanati mpya.

Kisha treni yenyewe ikasema kwa ile sauti yake ya upole.

"Wananchi wa behewa la nne. Mwenzenu ameomba kura kuhusu abiria wa kiti cha kumi na mbili. Sababu ni harufu. Anayetaka abiria huyu ashuke kituo kijacho abane nguzo mara mbili. Asiyetaka abane mara moja. Kura yako ni siri yako."

Kwenye kiti cha kumi na mbili alikaa mama yake.

Bi Nyangeta alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, mwanamke wa sauti nzito na mikono mipana. Miezi miwili nyuma madaktari walikuwa wamemkata kipande cha utumbo na kumwekea mfuko ubavuni, ambao sasa ndio uliopokea choo chake. Walikuwa wanatoka kliniki. Kwenye ngazi za kituo ukingo wa mfuko ulikuwa umelegea kidogo, naye akaubana kwa kiganja juu ya gauni akisema watautengeneza wakifika nyumbani.

"Ni mimi?" akauliza.

"Subiri, Mama." Bhoke akasimama. "Jamani, huyu ni mgonjwa. Ana mfuko wa hospitali na umelegea. Tumebakiza vituo vitatu tu, tunawaomba."

Hakuna aliyeinua uso. Treni ndiyo iliyomjibu.

"Tafadhali usishawishi wapiga kura."

Bhoke akabana nguzo mara moja, kwa nguvu, kana kwamba nguvu ingeongeza kitu. Aliziangalia nguzo nyingine. Kila moja ilikuwa na mikono miwili mitatu juu yake, na mkono unaobana mara mbili haukuwa na tofauti yoyote na mkono unaobana mara moja. Kule mbele msichana mmoja alikuwa anasoma kwenye simu huku mkono wake wa kushoto ukiwa umeshika nguzo, na hata macho yake hayakuacha kusoma.

Kioo cha juu ya mlango kikawaka. Kushuka, kumi na tisa. Kubaki, nane.

Mlango ulifunguka Machimbo. Bi Nyangeta alikuwa ameshasimama kabla binti yake hajamshika. Alitembea hadi nje kichwa akiwa amekiinamisha, kitu ambacho Bhoke hakuwahi kumwona akifanya mbele ya mtu yeyote, na nyuma yao treni ikasema, "Asanteni kwa kuheshimu uamuzi wa wengi."

Machimbo hapakuwa na mtu. Kampuni iliyokuwa inachimba kokoto ilikwisha kuondoka, likabaki jukwaa tupu lisilo na paa, na mvua ilikuwa inanyesha. Treni iliyofuata haikuwafungulia mlango. Hukumu ilifuatana na tiketi mpaka siku ya pili. Bhoke akavua koti akamfunika mama yake, wakateremka kwenye matope kwenda kutafuta barabara kuu, mama akiwa ameushika ubavu wake kwa mikono yote miwili.

*

Kidonda kiliingia uchafu. Bi Nyangeta alirudishwa wodini, na alipotoka alikuwa amepungua mwili. Bhoke alidhani ni ugonjwa, mpaka alipogundua kwamba mama yake alikuwa anamwaga chakula.

"Nisipokula, mfuko haujai," Bi Nyangeta akamweleza, kwa utulivu kama anayempa mtu maelekezo ya kupika. "Usipojaa, haunuki."

Bhoke alitoka nje akaenda kusimama kwenye bomba la uani, maji yakimtiririkia mikononi bila kunawa. Alikuwa mpimaji wa maji wa jiji. Kazi yake ilikuwa kutafuta uchafu ulikoanzia, na kwa kawaida aliupata: bomba fulani, mtaro fulani, nyumba fulani. Hapa palikuwa na uchafu uliomwangusha mama yake, na hakukuwa na mahali pa kwenda kugonga mlango. Watu kumi na tisa walikuwa wamefanya jambo hili, na kesho yake wangeweza kukaa karibu naye na kumpisha dirishani.

Wiki ile ile akaja Meja Kalokola.

Alikuwa mzee mrefu aliyevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Zamani, enzi za utawala wa Kamanda, aliongoza Kikosi cha Usafi na Usalama wa Reli, ambacho watu walikiita Deki. Sasa alikuwa katibu wa chama kilichotaka Deki irudi.

"Shikamoo, mzee," Bhoke alimsalimu kwa sababu ya umri wake tu.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia yaliyomkuta mama. Nimeshindwa kulala." Akakaa. "Mama mgonjwa kufukuzwa kwenye treni kama mbwa. Wakati wetu jambo hili lisingetokea. Askari angempisha kiti na kuwaonya wengine. Ninyi mkaambiwa askari ni ubaya, mkapewa nguzo. Sasa mmeona."

"Unataka nini kwetu?"

"Kamati ya Usafiri ya jiji inasikiliza malalamiko. Peke yako watakupa dakika chache na chai. Ukija nasi, tutakuletea wakili, na watu elfu wataandamana nje. Jina la mama yako litawatoa watu hao wote majumbani."

"Na treni zetu zilikuwa safi," akaongeza. "Mtu angeweza kulia chakula sakafuni."

"Naikumbuka hiyo sakafu," ikasema sauti kutoka chumbani. Bi Nyangeta alikuwa ameamka. Alikuja taratibu akiegemea ukuta, akasimama mlangoni. "Mume wangu aliifuta. Kuna mtu alitema mate kwenye behewa na hakuna aliyejitaja, basi vijana wako wakawapigisha magoti watu wote, kila mtu afute sakafu kwa nguo aliyovaa. Marwa alikuwa karani wa mahakama. Alikuwa na koti moja."

Meja alivua kofia yake akaiweka mezani.

"Alirudi nalo likiwa mkononi. Hakulivaa tena na hakupanda treni tena mpaka anakufa. Alitembea kwa miguu kwenda kazini. Na waliokataa kupiga magoti siku ile, Meja, tuambie walipelekwa wapi."

"Zilikuwa nyakati ngumu, mama."

"Hilo si jibu."

Meja akainuka akachukua kofia yake. Hakuonekana kukasirika. "Sawa. Mlaumu Deki, mna haki. Lakini nikuulize nami jambo moja. Safari hii, aliyekushusha kwenye mvua ni nani? Alikuwa askari wangu?"

Baada ya kuondoka, Bhoke alikuta ngumi zake zimekazika. Alichokichukia zaidi ni kwamba swali lilikuwa la haki, na limetoka kwenye kinywa kile.

*

Alikwenda kwenye Kamati peke yake.

Mwenyekiti alikuwa Mhandisi Sabina Lweikiza, ndiye aliyebuni Kura ya Behewa. Bhoke alikuwa amejiandaa kukutana na mtu mwenye dharau. Akakuta mwanamke mwenye miwani minene aliyesimama kumpa mkono na kumpa pole, na pole hiyo haikuwa ya mdomoni.

"Nataka uelewe kwanza jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi," mhandisi alisema. "Nguzo inasoma kiganja ili kuhakikisha mtu mmoja ana kura moja. Ikishahesabu, inasahau. Haifichi, inasahau kabisa, hata mimi siwezi kuichimba. Hakuna askari, hakuna kamera, hakuna mkubwa. Watu wenyewe wanaamua behewa lao liweje. Wizi umekwisha. Wanawake wanasafiri bila kushikwashikwa. Hilo unalikataa?"

"Silikatai," Bhoke akajibu. Ilimuuma kulisema. Yeye mwenyewe aliwahi kubana mara mbili kwa ajili ya mwanamume aliyekuwa anamsumbua mwanafunzi, na alishuka siku ile akijisikia raia.

"Basi unaomba nini?"

"Majina yaonekane. Anayetaka mtu ashushwe, jina lake litokee kwenye kioo. Mama yangu ajue ni nani."

Wajumbe wakanong'onezana. Mhandisi Sabina akavua miwani.

"Mwaka wa mwisho wa Kamanda tulipiga kura kwa kunyoosha mikono uwanjani. Kaka yangu hakunyoosha wa kwake. Hatujapata hata kaburi lake. Ndiyo sababu nguzo inasahau, dada Bhoke. Watu walikufa ili tupate kura ya siri, na wewe unaniomba niifungue."

Kwa muda Bhoke aliona aibu. Kisha akamkumbuka mama yake anamimina uji kwenye sinki.

"Kaka yako alikuwa anampinga mtu mwenye jeshi," akasema. "Siri ilikuwa imkinge mnyonge asifikiwe na mwenye nguvu. Mle ndani ya behewa mama yangu alikuwa na nguvu gani juu yao? Angewafanya nini? Walikuwa kumi na tisa, wazima, wameshiba, naye amekaa na mfuko wa choo. Mmechukua kinga ya mnyonge mkawapa wao. Deki walimdhalilisha baba yangu, lakini aliwaona nyuso. Alijua wa kumchukia. Mama yangu mmemnyima hata hilo, halafu treni ikatushukuru."

Sauti yake ilikuwa imepanda. Mjumbe mmoja alitazama saa ya ukutani. Mhandisi Sabina hakuitazama. Alitazama mezani.

Uamuzi ulitolewa mchana ule ule. Majina hayatatolewa. Badala yake Kamati ilianzisha beji, na ya kwanza ilikuwa ya Bi Nyangeta. Ilikuwa duara la bluu la kubandika kifuani, lenye mwanga wake, na nguzo zote zingekataa kura dhidi ya aliyeivaa. Mhandisi Sabina alimkabidhi Bhoke kwa mikono miwili.

"Hakuna atakayemgusa tena," alisema.

Njia nzima Bhoke alijiambia kwamba ni ushindi, mdogo lakini ushindi. Alipofika akaiweka beji mezani. Neno moja lilikuwa linawaka katikati yake.

Bi Nyangeta akaisoma. "Msamaha," akasema. Akaigeuza, akaigeuza tena. "Nimemkosea nani?"

"Mama, ni ya kukulinda."

"Deki walitaka tupige magoti. Hawa wanataka nijitangaze. Mimi nina tiketi, Bhoke. Mwenye tiketi anasamehewa nini?"

Aliizima, akaifunga kwenye karatasi, akamwambia binti yake airudishe kwa mwenyewe. Bhoke alibishana naye, akamsihi, akamkumbusha mvua ya Machimbo. Mwisho akaipeleka posta kweli.

*

Siku ya kliniki, wakati wa kurudi nyumbani, walipanda behewa la nne kwa sababu ndilo lililosimama mbele yao. Mfuko ulikuwa umefungwa sawasawa. Hata hivyo kulikuwa na harufu kidogo, kama ilivyo kwa mwili ulio hai na unaouguza kidonda, na baada ya Sokoni nguzo ikapata joto.

Treni ikataja kiti chake na sababu.

Safari hii Bi Nyangeta hakumwuliza binti yake kitu. Aligeuka na kuwatazama watu, akafungua ile sauti iliyokuwa inanyamazisha bwalo la wasichana mia sita.

"Baba mwenye kofia ya kijivu. Habari za asubuhi. Unataka nishuke?"

Mwanamume aliyekaa mkabala naye alishtuka. "Mimi? Hapana, mama. Wewe kaa."

"Asante. Na wewe, mwanangu mwenye kilemba?"

"Hapana, bibi. Kaa tu."

"Tafadhali usishawishi wapiga kura," treni ikasema.

"Wewe nyamaza, naongea na watu." Akaendelea, kiti kwa kiti, kila mtu kwa heshima yake. Fundi mwenye sanduku la vifaa akasema hapana. Wanafunzi wawili wa chuo wakasema hapana, bibi. Wengine walitikisa vichwa tu. Bhoke alihesabu moyoni na akaanza kupumua. Hakuna hata mmoja aliyesema ndiyo.

Kioo kikawaka. Kushuka, kumi na saba. Kubaki, kumi na mmoja.

Bi Nyangeta alikitazama kioo kwa muda mrefu. Treni ikapunguza mwendo, ikasimama Machimbo, mlango ukafunguka.

Hakuinuka.

"Behewa la nne linasubiri utekelezaji wa uamuzi," treni ikasema.

Tangu Deki ivunjwe, sheria ilikataza mtumishi yeyote wa reli kumgusa abiria. Haikuwahi kuhitajika. Kila aliyeshindwa kura aliinuka mwenyewe na aibu yake akashuka. Wabunifu wa mfumo waliitegemea aibu hiyo kama walivyotegemea umeme, na hakuna aliyewahi kujiuliza itakuwaje ikikatika.

"Mmeamua," Bi Nyangeta akasema. "Haya, njooni mnishushe. Mmoja anishike huku, mwingine huku. Mguu huu umevimba, mwende nao polepole. Mfuko uko kushoto, msiuminye."

Hakuna aliyesogea. Nyuma yao treni nyingine ilikuwa imesimama, na nyuma ya hiyo nyingine.

"Mama," mwenye kofia akasema kwa unyonge, "tunachelewa kazini."

"Najua, baba. Nishushe uwahi."

Mtu yule akainuka. Bhoke alisogea kumzuia, mama yake akamwashiria aache. Mwenye kofia akainama, akanyoosha mikono, akafika karibu kabisa na uso wa Bi Nyangeta, ambaye alimtazama bila chuki na kuinua mkono mmoja ili amrahisishie. Akabaki ameinama hivyo hivyo. Kisha akarudi nyuma, akifuta viganja kwenye suruali ingawa hakuwa amegusa kitu.

Spika ikakwaruza. Haikuwa sauti ya treni.

"Bi Nyangeta, ni mimi, Sabina Lweikiza. Njia nzima imesimama. Nina uwezo wa kuifuta kura hii kutoka huku ofisini."

"Uliwahi kufuta nyingine?"

"Hapana. Sijawahi kuingilia hata moja."

"Basi usianze na yangu. Ukiifuta wewe, wao watakuwa hawajafanya kitu."

Yule mwenye kilemba alikuwa analia. "Mimi nilibana mara mbili," akasema. "Mhandisi, nirudishie kura yangu. Nabadilisha."

"Haiwezekani." Sauti ya Sabina ilikuwa imechoka. "Nguzo haijui ipi ni yako. Imeshasahau. Uamuzi unaanguka tu iwapo waliobaki behewani hawafikii nusu ya waliopiga kura."

Mwanamke huyo wa kilemba akaitazama nguzo, akamtazama Bi Nyangeta. Akachukua mkoba wake. "Basi nashuka mimi," akasema, na akatoka akasimama kwenye jukwaa la kokoto.

Wanafunzi wawili wakamfuata, macho chini. Fundi akabeba sanduku lake. Akashuka mwingine, na mwingine, kila mmoja akipita mbele ya kiti cha kumi na mbili kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na mlango, na kila mmoja akijua kwamba kutoka kwake kunasema alichokikataa kwa mdomo. Wengine walisema samahani. Wengine walikwenda kasi. Bi Nyangeta hakuwajibu. Alikuwa anawaangalia nyuso, mmoja mmoja, bila haraka.

Mwenye kofia ya kijivu alishuka wa mwisho.

"Uamuzi umeanguka kwa upungufu wa wapiga kura," treni ikasema, na mlango ukajifunga.

Watu kumi na mmoja walibaki na viti vingi vitupu. Bhoke alitamani kufurahi, ila alijawa na hasira. Nje ya dirisha wale wengine walikuwa wamejipanga kwenye jukwaa, watu waliovaa vizuri, watu wa salamu, ambao angeweza kuwa jirani nao.

"Nilidhani wangekuwa na sura mbaya," Bi Nyangeta akasema.

Treni ikaondoka.